Robert Noyce: Mwasisi wa chipu aliyetoroka na ujuzi, kisha naye akatorokwa

Kila mara kampuni moja ya kutengeneza chipu za kompyuta inapoishtaki nyingine kwa wizi wa siri, swali lile lile huzuka mahakamani. Ujuzi alio nao mhandisi kichwani ni mali ya nani? Ni wake mwenyewe, au ni wa mwajiri aliyemlipa mshahara alipokuwa akiupata?

Ni wachache walioishi na swali hilo kwa muda mrefu kama Robert Norton Noyce, Mmarekani aliyevumbua saketi unganifu ya silikoni na kushiriki kuasisi kampuni za Fairchild Semiconductor na Intel. Mara mbili alimwacha mwajiri wake akaenda kuanzisha kampuni mpya katika biashara ile ile. Na si mara moja wala mbili aliketi ofisini akiwatazama wengine wakimtenda vivyo hivyo.

Noyce alizaliwa Desemba 12, 1927 mjini Burlington, jimbo la Iowa, akiwa mwana wa tatu kati ya wavulana wanne wa mhubiri wa Kikristo, Ralph Noyce. Familia hiyo ilihamahama kufuata kazi ya baba hadi ilipotua Grinnell, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi na mazizi ya nguruwe. Hapo ndipo kijana huyo alipopata masomo yake ya sekondari na ya chuo.

Kisa chake cha kwanza na sheria kilihusu mnyama. Mnamo 1948, wanafunzi wenzake wa chuo cha Grinnell walipokuwa wakiandaa karamu ya mtindo wa Hawaii, Noyce na rafiki yake walipewa jukumu la kutafuta nguruwe wa kuchomwa. Walinyemelea shamba la jirani usiku wakamwiba mmoja. Kesho yake dhamiri iliwasuta, wakaenda wenyewe kwa mwenye shamba kuungama na kujitolea kulipa.

Huko Iowa, jimbo la wafugaji, wizi wa mifugo haukuwa jambo la mzaha. Nusura kijana huyo afukuzwe chuoni kabisa na kufunguliwa mashtaka. Walimu walimwombea, naye akasimamishwa masomo kwa muhula mmoja, ambao aliutumia kufanya kazi katika kampuni ya bima mjini New York.

Miongoni mwa waliomtetea alikuwamo mwalimu wake wa fizikia, Grant Gale. Mwalimu huyo alikuwa amefahamiana na John Bardeen, mmoja wa wavumbuzi wa transista katika maabara za Bell, na kupitia kwake akajipatia transista mbili wakati ambapo vyuo vikuu vingi havikuwa vimeiona hata moja. Noyce aliporejea kutoka adhabuni alikikuta kifaa hicho, naye hakuachana nacho tena.

Yafaa ikumbukwe kwamba mwanzoni transista haikufichwa. Bell iliuza leseni kwa kampuni yoyote iliyokuwa tayari kulipa dola 25,000, na mnamo 1952 ikawaita wateja wake na kuwafunza namna ya kuitengeneza. Mnamo 1956 serikali ya Marekani iliilazimisha itoe bila malipo hataza ilizokuwa nazo tayari. Sekta nzima ilianza kwa ujuzi uliogawanywa, na huenda ndiyo sababu wahandisi wake wa kwanza hawakuona haya kuhama nao.

Noyce alipata shahada ya uzamifu katika chuo cha MIT mnamo 1953, akafanya kazi kwa miaka mitatu katika kampuni ya Philco mjini Philadelphia, kisha mapema 1956 akapokea simu kutoka kwa William Shockley. Huyu alikuwa mwenzake Bardeen katika uvumbuzi wa transista, na mwishoni mwa mwaka huo wangetunukiwa pamoja Tuzo ya Nobel. Shockley alikuwa akifungua maabara yake huko Mountain View, California, kwa fedha za kampuni ya Arnold Beckman.

Shockley alijua kuteua vipaji. Kuishi na vipaji hivyo ndiko kulikomshinda. Aliwashuku wafanyakazi wake, akaficha baadhi ya miradi wasiijue wote, na mmoja wao alipojikwaruza kidole kwa kitu chenye ncha kali, aliona kwamba hiyo ilikuwa njama, akataka watu wapimwe kwa mtambo wa kutambua waongo.

Mnamo Agosti 1956, Noyce aliandika katika daftari lake la maabara wazo kuhusu aina mpya ya diodi ambamo chembe za umeme hupenya mahali ambapo kwa kawaida zisingepita. Shockley hakulijali. Muda si mrefu Mjapani Leo Esaki alifikia wazo hilo hilo kwa njia yake mwenyewe, akalichapisha, na mnamo 1973 akapata Nobel kwalo. Noyce alijifunza mapema kwamba ujuzi unaofungiwa daftarini waweza kumpita mwenyewe bila hata kuibwa.

Kufikia katikati ya 1957 wanasayansi saba walikuwa wamechoka. Walikuwa Gordon Moore, Jean Hoerni, Eugene Kleiner, Jay Last, Julius Blank, Victor Grinich na Sheldon Roberts. Walitaka kuondoka pamoja, lakini hawakuwa na kiongozi. Noyce ndiye aliyekawia kujiunga nao, kwa kuwa Shockley alimpenda na alikuwa na mke na watoto wa kuwalisha. Hatimaye alipiga moyo konde akawa wa nane.

Mwanabenki kijana kutoka New York, Arthur Rock, aliwatafutia mfadhili, naye akawa Sherman Fairchild, tajiri wa kamera na ndege. Kampuni yake ilikubali kutoa takriban dola milioni 1.4, kwa sharti kwamba ingeweza kuwanunua wote baadaye kwa dola milioni 3. Mnamo Septemba 1957 wanane hao walimwacha Shockley. Historia imewapa jina la wasaliti wanane.

Je, walikuwa wezi? Hawakubeba mtambo wala karatasi za kujivunia. Lakini walichokwenda kutengeneza, transista za silikoni kwa njia ya kupenyeza kemikali katika joto kali, ndicho walichokuwa wamekuja kwa Shockley kukitengeneza, na mengi ya waliyoyajua walijifunza wakila mshahara wake. Maabara ya Shockley haikupata faida hata siku moja baada ya hapo, na mnamo 1960 Beckman aliiuza.

Sheria ya California iliwafaa. Tangu 1872 jimbo hilo lilikuwa limebatilisha mikataba inayomzuia mtu kufanya kazi kwa mshindani wa mwajiri wake wa zamani. Mtu aliweza kuvuka barabara asubuhi na kuajiriwa jioni. Siri za biashara ndizo zilizobaki zikilindwa, na mpaka baina ya siri na ujuzi ulikuwa mwembamba kama uzi wa buibui.

Fairchild Semiconductor ilianza kwa kishindo. Mteja wake wa kwanza alikuwa IBM, iliyoagiza transista 100 kwa bei ya dola 150 kila moja. Wanane hao walijiona wageni katika uongozi wa biashara, kwa hivyo wakamwajiri Ed Baldwin kutoka kampuni ya Hughes awe meneja mkuu.

Mla cha mwenzake na chake huliwa. Mapema 1959 Baldwin aliondoka ghafla na kundi la wahandisi, akaanzisha Rheem Semiconductor umbali mfupi tu kutoka hapo, kwa fedha za kampuni iliyojulikana zaidi kwa mitambo ya kupashia maji moto. Fairchild ilikwenda mahakamani ikidai kwamba siri zake zimeibwa, ukiwamo mwongozo ulioeleza hatua kwa hatua namna ya kutengeneza transista zake.

Mwongozo wa aina hiyo ulikuwa na thamani gani? Transista hutengenezwa kwa kuchoma silikoni tanuruni, kuipaka kemikali, kuiosha kwa asidi na kuichoma tena. Kosa dogo la nyuzi za joto au la dakika chache huharibu kundi zima. Ukimfungua mshindani transista na kuitazama kwa darubini utaona umbo lake, lakini hutaona ilikaa tanuruni kwa muda gani. Hapo ndipo siri ilipolala, na wahandisi waliuita mwongozo huo kitabu cha mapishi.

Tofauti na hataza ni hii. Mwenye hataza huutangazia ulimwengu uvumbuzi wake, na badala yake serikali humlinda kwa muda maalumu. Mwenye siri hatangazi lolote, na ulinzi wake hudumu maadamu siri haijavuja. Ikishavuja, mahakama yaweza kumpa fidia, ila haiwezi kuwafanya watu wasahau.

Wanane hao waliokuwa wamemtoroka Shockley sasa walikuwa walalamishi. Noyce, mwenye umri wa miaka 31, aliachiwa kiti cha meneja mkuu.

Kilichoiokoa Fairchild, hata hivyo, kilikuwa uvumbuzi zaidi ya kesi. Transista walizozijua watu wa Rheem zilikuwa na umbo la kilima chenye kilele bapa, na kingo zake dhaifu zilikuwa wazi. Chembe ya vumbi ikiangukia hapo, kifaa hufa. Mafundi walikuwa wakizigonga kwa penseli kuona ni zipi zitakazozimika. Jean Hoerni alibuni njia ya kuacha utando wa oksidi ya silikoni juu ya kifaa chote ili uulinde, nacho kikawa bapa. Mbinu za zamani, zile zilizotoka na Baldwin, zilianza kupitwa na wakati. Rheem Semiconductor iliishia kununuliwa na Raytheon mnamo 1961.

Juu ya utando huo wa Hoerni ndipo Noyce alipojenga jina lake. Mnamo Januari 1959 aliandika daftarini kwamba iwapo sehemu zote za saketi zimo katika kipande kimoja cha silikoni na zimefunikwa na oksidi, basi nyaya zinaweza kuchapwa juu yake kwa alumini, bila mtu kuziunga moja moja kwa mkono. Ombi la hataza lilipelekwa Julai 1959, naye akapewa Aprili 25, 1961.

Jack Kilby wa Texas Instruments alikuwa amemtangulia. Mnamo Septemba 1958 alikuwa amewaonyesha wakuu wake saketi nzima katika kipande cha jerimani, ila iliunganishwa kwa nyuzi nyembamba za dhahabu. Kampuni hizo mbili zilivutana kwa miaka mingi kuhusu nani mvumbuzi, na hoja ikawa kama ombi la Kilby lilieleza kweli nyaya zilizogandamana na oksidi. Mnamo 1969 mahakama ya rufaa ilimpa Noyce ushindi. Wakati huo kampuni zenyewe zilikuwa zimekwisha kukubaliana, tangu 1966, kupeana leseni. Noyce na Kilby hawakuwahi kulumbana, na kila mmoja alimtambua mwenzake.

Miaka ya 1960 ilikuwa ya neema na ya kuvuja. Hoerni, Last na Roberts waliondoka mnamo 1961. Mwaka huo huo wengine walianzisha Signetics. Charles Sporck, aliyeongoza viwanda, alihamia National Semiconductor mnamo 1967 na kuwachukua wenzake. Baada ya kazi wahandisi wa kampuni pinzani walikutana katika baa ya Wagon Wheel, Mountain View, wakaulizana juu ya matanuru yaliyowakataa, na mara nyingi jibu lilitoka kwa mshindani.

Noyce hakuwa mtu wa kufukuzana na wanaoondoka. Waliofanya kazi chini yake walimsifu kwa upole na ucheshi, na baadhi yao walimlaumu kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hakuweza kumwambia mtu la. Lakini yeye naye alikuwa akikereka. Makao makuu ya Fairchild yalikuwa pwani ya mashariki, faida ilichotwa huko kulisha biashara nyingine, na ulipofika wakati wa kumteua mkuu wa kampuni nzima, hakupewa nafasi hiyo.

Katika kiangazi cha 1968 aliondoka, pamoja na Gordon Moore. Intel iliandikishwa Julai 18 mwaka huo. Arthur Rock aliwakusanyia dola milioni 2.5 kwa muda mfupi mno. Mpango wa biashara walioutoa kwa wawekezaji ulikuwa wa ukurasa mmoja na ushei, na haukusema waziwazi wangetengeneza nini. Fairchild isingejifunza lolote kwa kuusoma.

Walichokilenga ni chipu za kuhifadhia kumbukumbu, na njia waliyoichagua ilitumia silikoni badala ya chuma katika lango la transista. Njia hiyo ilikuwa imekamilishwa mwaka huo huo katika maabara ya Fairchild iliyokuwa chini ya Moore, na aliyeifanyia kazi hasa alikuwa kijana Mwitaliano, Federico Faggin. Mkuu wa Faggin, Les Vadasz, alikuwa miongoni mwa waajiriwa wa kwanza wa Intel.

Hapa ndipo penye doa, na si haki kulifuta kwa sababu ya sifa za marehemu. Fairchild ilikuwa imelipia utafiti, na Intel ndiyo iliyovuna. Baadhi ya wakuu wapya wa Fairchild waliamini hadi mwisho kwamba Intel iliundwa ili kuichukua njia hiyo. Watetezi wa Noyce husema wazo la lango la silikoni lilikuwa likishughulikiwa pia na maabara za Bell, na kwamba Fairchild ilikuwa imezoea kuacha utafiti wake ukae bila kufika kiwandani. Yote mawili ni kweli, wala moja halifuti jingine.

Fairchild yenyewe haikuwa na mikono safi kiasi cha kunyoosha kidole. Ili kuziba pengo aliloliacha Noyce, ilimchukua Lester Hogan, mkuu wa semikondakta wa Motorola huko Arizona, kwa malipo ambayo yalizungumzwa katika sekta yote. Hogan alikuja na kundi la mameneja wenzake. Motorola ilishtaki ikidai siri zake zimehamishwa, lakini mnamo 1973 mahakama ya Arizona iliikatalia. Miongoni mwa sababu ni kwamba Motorola haikuzilinda siri hizo ipasavyo, na wageni walikuwa wakitembezwa kiwandani.

Fundisho hilo halikupotea kwa mawakili wa California. Mwenye kudai siri alitakiwa kwanza aonyeshe kwamba aliifanya kuwa siri.

Intel ilistawi. Faggin mwenyewe alihamia huko mnamo 1970 na kuongoza ubunifu wa 4004, kichakataji kidogo kilichouzwa kuanzia Novemba 1971. Mnamo 1974 aliondoka akaasisi Zilog, ambayo chipu yake ya Z80 ilikuwa mshindani mkali wa Intel. Mnamo 1981 kundi jingine lilitoka na kuanzisha Seeq, kwa ujuzi wa kumbukumbu zinazoweza kufutwa na kuandikwa upya. Safari hii Intel ilikwenda mahakamani, na shauri likamalizwa kwa maafikiano.

Wakati huo Noyce alikuwa amejitenga na shughuli za kila siku. Aliuacha urais wa kampuni mnamo 1975, akawa mwenyekiti hadi 1979, kisha naibu mwenyekiti. Ndoa yake ya kwanza, iliyompa watoto wanne, ilikuwa imevunjika, naye alimwoa Ann Bowers, aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi wa Intel. Nyumbani kwake alipokea vijana waliotaka ushauri, akiwamo Steve Jobs wa Apple.

Nguvu zake nyingi alizipeleka Washington. Mnamo 1977 alishirikiana na wakuu wa kampuni nyingine kuunda chama cha watengenezaji wa semikondakta, hasa kwa hofu ya Japani. Chama hicho kilisukuma sheria ya 1984 iliyowakataza washindani kunakili michoro ya chipu. Hofu hiyo iliongezeka kuanzia 1982, maafisa wa upelelezi wa FBI walipowanasa wafanyakazi wa Hitachi na Mitsubishi wakijaribu kununua siri za IBM. Hata hivyo, ubora wa chipu za kumbukumbu za Kijapani haukutokana na wizi. Viwanda vyao vilikuwa vikitoa chipu chache zenye kasoro, na mnamo 1985 Intel ililazimika kuacha biashara ya kumbukumbu iliyoianzishia.

Jibu la Wamarekani lilikuwa Sematech, muungano wa kampuni 14 ulioundwa mnamo 1987, ambao serikali iliuchangia dola milioni 100 kwa mwaka. Uliwekwa Austin, Texas, na kwa muda haukupata mkuu. Mnamo 1988 Noyce, aliyekuwa na mali ya kutosha kustarehe, alikubali kuuongoza.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya ajabu kwa mtu wa historia yake. Alitakiwa kuwashawishi IBM, Motorola, Texas Instruments, Intel, AMD na wengineo waweke ujuzi wao wa viwandani juu ya meza moja. Walikubali kwa midomo. Walipofika Austin kila kampuni ilishikilia kitabu chake cha mapishi. Sematech ikageuka, ikaelekeza fedha zake kwa kampuni zinazotengeneza mitambo ya kiwandani, jambo ambalo washindani waliweza kulichangia bila kufunua siri zao.

Juni 3, 1990, baada ya kuogelea asubuhi nyumbani kwake Austin, Noyce alipatwa na mshtuko wa moyo akaaga dunia. Alikuwa na umri wa miaka 62. Kilby alipopewa Nobel ya fizikia mnamo 2000, mwenzake hakuweza kuwamo, kwani tuzo hiyo haitolewi kwa waliofariki.

Miaka michache baada ya kifo chake, mhandisi mmoja wa Intel aliitazama hatua kwa hatua njia ya kutengenezea chipu ya Pentium kupitia kompyuta aliyounganishiwa nyumbani, akairekodi kwa kamera ya video, na kanda hizo zikafika kwa AMD. Mnamo 1996 alihukumiwa kifungo cha miezi 33, na mwaka huo huo bunge la Marekani likapitisha sheria iliyoufanya wizi wa siri za biashara kuwa jinai ya taifa zima. Aliyeongoza AMD wakati huo alikuwa Jerry Sanders, mwuzaji aliyefunzwa kazi na Noyce siku za Fairchild. Kampuni yake haikuzitumia kanda hizo, bali ilitoa habari kwa vyombo vya sheria.